Onazi (honors) kwenye vyuo vya Marekani: mialiko yote hii ni ya nini, na uende ipi

Mdogo wangu kapata chuo Marekani, na wiki ya kwanza tu, kabla hata hajapanga nguo vizuri, akanitumia meseji: "Dada shikamoo, nimepata barua mbili, moja inasema nimechaguliwa onazi koleji, nyingine inasema nimechaguliwa onazi sosaeti ila natakiwa nilipe, afu wamenipa kalenda ya shughuli nimehesabu ziko kumi na saba mpaka mwezi wa kumi na mbili, hivi zote ni lazima?" Nikaanza kumjibu palepale nikaona meseji inakuwa ndefu na bado sijafika popote, maana jambo lenyewe limefungwa mafundo matatu manne na ukifungua moja tu bado huelewi. Kwa hiyo nimeamua niandike lote, najua hayuko peke yake.

Tuanze na neno lenyewe maana ndo linalowachanganya wengi. Kwetu ukisikia shahada ya heshima unamfikiria kiongozi amevalishwa joho na chuo ambacho hajawahi kukaa darasani kwake hata siku moja. Hiyo ni kitu kingine kabisa, iweke pembeni. Halafu kuna onazi ya mfumo wa Uingereza, ambayo vyuo vyetu vingi vimeirithi, ile ya daraja la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, na hapo onazi ni namna ya kutaja uzito wa digrii yako kwa alama ulizokusanya. Ukienda Marekani na picha hiyo kichwani utapotea, maana kule neno hilohilo wanalitumia kwa vitu vitatu tofauti, na watu wa ofisini wanalitamka kama vile kila mtu anajua wanazungumzia kipi.

Cha kwanza ni zile onazi za Kilatini, cum laude, magna cum laude na summa cum laude, ambazo unasomewa siku ya mahafali na kuandikiwa kwenye cheti. Mara nyingi inaangaliwa GPA yako, yaani wastani wa alama zako, japo vyuo vingine vinadai na tasnifu juu yake. Hakuna mkutano wa kuhudhuria ili uzipate. Cha pili ni hizo sosaeti, yaani vyama vinavyochagua wanafunzi wenye alama za juu. Kongwe kuliko zote ni Phi Beta Kappa, ilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 na wanafunzi wa College of William & Mary kule Virginia, miezi mitano tu baada ya Marekani kutangaza uhuru, na mpaka leo inachagua wanafunzi wenye alama za juu kwenye fani za sanaa na sayansi. Kuna nyingine nyingi, kwa mfano Phi Kappa Phi ya mwaka 1897 ambayo inachukua watu wa fani zote. Cha tatu ndo programu ya onazi, au ikiwa kubwa wanaita koleji ya onazi, yaani sehemu ndani ya chuo ambayo ina madarasa yake madogo, washauri wake, mara nyingi na bweni lake, na mwisho wake kuna tasnifu unaandika na kuitetea. Ile kalenda ya shughuli kumi na saba inatoka hapa kwenye cha tatu.

Kuhusu ile barua ya kulipa, nilimwambia asitoe hela siku hiyohiyo. Ada peke yake haimaanishi utapeli, sosaeti za kweli nazo zinatoza kiingilio, cha kuangalia ni nani amekuchagua na amekujuaje. Sosaeti ya kweli huwa na tawi palepale chuoni, walimu wa idara yako wanaijua na baadhi yao ni wanachama, na wanakuchagua kwa sababu wameona alama zako. Sasa mtu yuko wiki ya kwanza, hana hata alama moja ya chuo, amechaguliwa kwa kipi? Nenda idarani, uliza mwalimu mmoja tu, "hii mnaijua?" Ukiona anakunja uso, iache.

Haya, sasa turudi kwenye shughuli. Mtu akiangalia kalenda ya onazi ya mwaka mzima anaona mchanganyiko usio na kichwa wala miguu: chakula cha jioni na profesa, kutembelea makumbusho, usiku wa michezo bwenini, mhadhara wa mgeni, kujitolea Jumamosi asubuhi, warsha ya kuandika maombi ya skolashipu, siku ya utafiti, hafla ya medali. Na mwanafunzi mwenye bidii, ambaye ndo aina wanayoichukua, anafanya moja kati ya mawili, ama anakwenda kote mpaka anachoka na masomo yanayumba, ama anaona ni mapambo tu anajifungia maktaba. Yote mawili ni hasara, na ili uone kwa nini inabidi ujue vitu hivi vilianzia wapi.

Mwaka 1921 bwana mmoja anaitwa Frank Aydelotte aliteuliwa kuwa rais wa Swarthmore College, chuo kidogo nje kidogo ya Philadelphia. Huyu alikuwa amesoma Oxford kwa skolashipu ya Rhodes, ile inayopeleka wanafunzi wa nchi mbalimbali kusoma huko, na kule alikuta namna ya kufundisha ambapo mwanafunzi anakaa na mwalimu wake ana kwa ana, anasoma alichoandika, anaulizwa maswali, anajitetea. Aliporudi kwao akakuta mwanafunzi hodari na wa kawaida wote wamekaa kwenye ukumbi mmoja, wanaandika anachosema mwalimu, wanakirudisha kwenye mtihani. Kwa hiyo mwaka 1922 Swarthmore wakaanzisha programu ya onazi: miaka miwili ya mwisho mwanafunzi anasoma kwa semina ndogo, na mwisho anafanyiwa mtihani wa kuandika na wa mdomo na watahini wanaotoka nje ya chuo. Hapo kwenye watahini wa nje ndipo penye utamu wenyewe. Mwalimu aliyekufundisha siye atakayekupa hiyo onazi, kwa hiyo yeye na wewe mnakuwa upande mmoja, anakuwa kama kocha, kazi yake ni kukuandaa ukakae mbele ya mtu ambaye hakujui. Mpaka leo Swarthmore wanafanya hivyo, na kwa maoni yangu hapo ndo roho ya onazi ilipo, mazungumzo ya kweli kati ya mwanafunzi na mtu anayejua zaidi yake.

Sasa mazungumzo ya namna hiyo ni rahisi kwenye chuo kidogo. Ila vyuo vikubwa vya serikali za majimbo navyo vilitaka. University of Texas walianza mapema na programu yao ya Plan II mwaka 1935, lakini wimbi kubwa lilikuja baada ya Oktoba 1957, pale Wasovieti waliporusha Sputnik, setilaiti ya kwanza angani, na Marekani wakaanza kujiuliza kama wanawatunza vizuri vijana wao wenye vipaji. Programu zikaota kila mahali, na mwaka 1966 likaundwa baraza la kuziunganisha, National Collegiate Honors Council. Tatizo likawa hili: chuo kina makumi ya maelfu ya wanafunzi, madarasa ya mwaka wa kwanza yana watu mia tatu kwenye ukumbi mmoja, profesa hajui hata sura yako, utayapata wapi yale mazungumzo? Jibu lao likawa kujenga chuo kidogo ndani ya chuo kikubwa. Arizona State University kwa mfano wana Barrett Honors College, ilianzishwa 1988, na mwaka 2009 wakafungua eneo lake kabisa kule Tempe lenye mabweni, madarasa, ofisi za walimu na ukumbi wake wa kulia chakula. Ukishaelewa hivyo ile kalenda inaanza kusomeka, maana shughuli nyingi mle ndani ni jaribio la kuirudisha ile meza ya Aydelotte mahali ambapo meza imekuwa kubwa mno na watu hawaonani.

Ndo maana mimi nikiulizwa shughuli ipi ina thamani kuliko zote sitaji ile yenye mgeni maarufu na ukumbi umejaa, nataja ile ya watu kumi au kumi na mbili, chakula cha jioni na mwalimu mmoja, ambayo kwenye tangazo inaonekana ndogo na mara nyingi nafasi hazijai. Angalia kinachotokea pale. Dakika ishirini za kwanza kila mtu ana aibu, wanaongea hali ya hewa na unatoka wapi, mwalimu anaulizwa swali la heshima kuhusu utafiti wake na anajibu jibu la heshima. Halafu mtu mmoja, sio lazima awe mjuaji, anauliza kitu ambacho kweli hakielewi, kwa mfano kwa nini utafiti huo umechukua miaka sita, au ilikuwaje mpaka akagundua alikosea, na mwalimu anaweka uma chini. Hapo anaanza kuongea kama mtu. Anaeleza jinsi data zilivyokataa, jinsi alivyotaka kuacha, na mwisho anasema "njooni ofisini niwaonyeshe", na kati ya wale kumi na wawili wawili tu ndo wataenda. Miaka miwili baadaye, unapotafuta msimamizi wa tasnifu au mtu wa kukuandikia barua ya mapendekezo, unakuta wale wawili wana mtu anayeweza kuandika kurasa mbili kuhusu wao, na wale wengine wana alama za A kutoka kwa walimu ambao hawawezi kuandika zaidi ya "alipata A kwenye somo langu". Hiyo tofauti haionekani kwenye GPA kabisa lakini ndo inayoamua mambo mengi.

Ila angalizo, usiende na orodha ya maswali kichwani ya kumvutia mwalimu, wanaona. Soma kidogo anachofanya, chukua jambo moja usilolielewa, uliza hilo.

Kuna shughuli nyingine ambayo naipenda sana na watu wanaidharau kwa sababu inaonekana kama matembezi, wenyewe wanaita City as Text, yaani unausoma mji kama unavyosoma maandishi. Ilitokana na kazi ya mwalimu Bernice Braid wa Long Island University ndani ya lile baraza nililolitaja, na sasa programu nyingi wanaitumia wiki ya orientesheni au kwenye safari. Mnagawanywa makundi ya watu wanne watano, mnapelekwa mtaa msioujua, hamna mtu wa kuwaongoza, mna saa chache. Kazi yenu ni kuchora ramani ya mnachokiona, kuangalia, kusikiliza watu, halafu kukaa na kutafakari mlichokuwa mnadhani kabla hamjafika. Nani anapita hapa saa hizi na nani hapiti, duka gani limefungwa na lina muda gani limefungwa, watu wanasubiri basi upande gani wa barabara, matangazo yameandikwa lugha gani. Mnarudi mnakaa chumba kimoja, na kundi lililotembea mtaa uleule linasimulia mtaa mwingine kabisa, wao waliona ukimya wakasema watu hawana ushirikiano, nyinyi mkaongea na mzee mmoja akawaambia wengi wanafanya kazi za usiku wamelala. Mwanafunzi anayetoka nje ya nchi hapa ana faida ambayo wenyeji hawana, wewe kila kitu kwako ni kipya kwa hiyo unaona vitu ambavyo wao wameshazoea hawavioni. Mdogo wangu nilimwambia hii usiikose hata ukiwa na usingizi.

Siku ya utafiti nayo inahitaji maelezo kidogo, maana ndiyo inayotisha. Mara nyingi ni mwishoni mwa muhula wa pili, kwenye ukumbi mkubwa, mabango yamesimamishwa kwenye mistari, na kila mwanafunzi amesimama pembeni ya bango lake kama saa moja hivi, watu wanapita wanauliza. Mwaka wa kwanza nenda kama mtazamaji tu. Tembea polepole, simama kwenye mabango matatu ya fani tofauti na yako, mwambie mwenye bango "nielezee kama vile sijui chochote" uone anavyohangaika kulisema jambo lake kwa dakika mbili bila maneno ya kitaalamu, na wale wanaoweza ndo wanaolielewa kweli. Utatoka pale umejua tasnifu inafananaje ikiisha, na utajua kwa majina idara gani wanawachukua wanafunzi wa digrii ya kwanza kwenye maabara zao. Ukifika mwaka wa tatu utasimama upande wa pili wa bango, na zaidi ya hapo kuna mikutano ya nchi nzima, kama National Conference on Undergraduate Research ambayo ya kwanza ilifanyika 1987 kule University of North Carolina Asheville, na mkutano wa kila mwaka wa lile baraza la onazi. Koleji nyingi zina hela ya kuwasaidia wanafunzi nauli na malazi kwenda huko, ila hela hiyo haijitangazi, unaomba kwa fomu na ina tarehe ya mwisho mapema sana kuliko unavyodhani.

Warsha za skolashipu kubwa ni nzuri lakini hapa wanafunzi wa nje wanapoteza muda mwingi kwa kutoambiwa ukweli mapema. Wanakaa kwenye ukumbi wanasikia Truman, Marshall, Goldwater, Fulbright, wanaanza kuandika insha, baadaye sana ndo wanagundua hawastahili. Truman na Marshall ni za raia wa Marekani, programu ya Fulbright inayotangazwa kwa wanafunzi wa vyuo vya kule wanaotaka kwenda nje nayo ni ya raia, na Goldwater ni ya raia na wakazi wa kudumu. Rhodes ndiyo tofauti, ina nafasi za Kenya, ina za Afrika Mashariki, na ina nyingine zilizo wazi kwa dunia nzima. Kwa hiyo ukifika pale swali lako la kwanza liwe hilo la uraia, na usione haya kuuliza mbele za watu, wenzako wawili watatu nao walikuwa wanataka kuuliza. Bado warsha yenyewe inafaa kwa jambo moja, mahojiano ya majaribio, ambapo walimu wanakaa mstari wanakuuliza maswali kama kweli. Hayo nenda hata kama huombi kitu.

Zilizobaki nazipitia haraka. Usiku wa michezo bwenini, nenda mwanzoni mwa muhula upate marafiki, baada ya hapo utajua mwenyewe. Kujitolea, chagua sehemu moja uende mara kwa mara, usirukeruke. Kamati ya wanafunzi wa onazi, ingia kama unapenda kuandaa vitu, maana ndo inayoamua hela za shughuli zinakwenda wapi. Hafla ya medali siku chache kabla ya mahafali ni ya mwaka wa mwisho, na vyuo vingine wanakuruhusu umchague mwalimu wa kukuvalisha hiyo medali shingoni, na ukiwa umekaa pale ukaona mwalimu mzima macho yamemjaa machozi kwa sababu mwanafunzi fulani amemtaja yeye, unaelewa kwamba yale mazungumzo ya meza ndogo hayakuwa na maana kwa upande mmoja tu.

Sasa pointi. Programu nyingi zinakudai uhudhurie idadi fulani ya shughuli kila muhula, unaskani QR code mlangoni kwa simu au unapitisha kadi kwenye mashine, na usipofikisha unaandikiwa onyo, ukiendelea unaweza kutolewa. Nia naielewa, bila hivyo wale wenye aibu wasingetoka vyumbani. Ila mimi sikubaliani na jinsi baadhi wanavyoiendesha, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu nimeona linavyoumiza. Shughuli nyingi zinapangwa saa kumi na mbili jioni au saa moja usiku, na huo ndo muda ambao mwanafunzi asiye na hela yuko kazini. Mwanafunzi wa nje mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, anaruhusiwa kufanya kazi kampasini mpaka saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, na zamu zinazobaki kwa mgeni ni zile za jioni, maktaba, ukumbi wa chakula, mapokezi bwenini. Kwa hiyo yule anayehitaji zaidi kujuana na walimu ndo anayeshindwa kufika, halafu anaandikiwa onyo kwamba hajali. Anayekaa mbali na kampasi na kurudi kwa basi yuko vilevile. Programu zinazojali huwa zinaweka shughuli za mchana, au zinakubali mkutano wa ana kwa ana na mwalimu uhesabike kama shughuli, au kazi ya maabara, na ukiuliza vizuri utakuta nafasi hiyo ipo kwenye mwongozo wao ila iko ukurasa wa nyuma.

Kwa hiyo nikamwandikia mdogo wangu hivi. Mwaka wa kwanza chukua vitu vinne tu: ule mtaa wa kuusoma, chakula kimoja na mwalimu wa fani yako, chakula kimoja na mwalimu wa fani usiyoijua kabisa, na siku ya utafiti kama mtazamaji ikifika. Kisha hesabu pointi zilizobaki, jazia na vya karibu na bweni. Na wiki hii hii, kabla zamu za kazi hazijapangwa, mwandikie mshauri wa onazi imeili fupi, mwambie siku zipi jioni utakuwa kazini na uulize kipi kinaweza kuhesabika badala yake, ili ikifika mwezi wa kumi na mbili wawe na maandishi yako mkononi. Akanijibu usiku wa manane kwetu, "Marahaba dada, nimeshatuma. Kumbe yule mwalimu wa fizikia chakula chake ni kesho na zimebaki nafasi saba." Nikamwambia wewe ndo unaniamkia mimi, marahaba ni yangu, na nenda kachukue moja.